Sekunde Kumi na Sita za Kondo Sefu

Chekeche lilichukua dakika nne kunipata. Lilinipata kando ya nguzo ya tatu, kushoto mwa jukwaa, nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, kinasa sauti kimefichwa ndani ya koti.

"Huyu hapa ni wewe, mzee wangu," alisema Eliakunda, mtunza sauti wa Hifadhi ya kanda za zamani, akinionyesha doa jeusi kwenye kioo cha mtambo. "Sauti zote za ukumbi zinapita, zikifika hapa zinazuiwa. Ni mwili wako. Na doa hili la pili, hatua mbili kutoka kwako, ni marehemu Dachi, mnasaji mwenzako."

"Mbona jembamba hivyo?" aliuliza Arafa, ameinama kioo kikimpaka mwanga usoni. "Baba mdogo, ulikuwa mtu au ufagio?"

"Nilikuwa mtu anayekula mara moja kwa siku."

"Siku hizi ungeziba ukumbi mzima."

Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wao. Nina miaka themanini na moja, na sikutegemea kwamba iko siku nitaonyeshwa nafasi niliyoiziba duniani usiku wa Jumamosi moja, Morogoro, miaka hamsini na saba iliyopita.

Kwa asiyejua, Chekeche si mtambo wa kusafisha kanda tu. Mitambo ya kusafisha ilikuwepo zamani. Chekeche linataka kanda mbili au zaidi, zilizonaswa na watu tofauti katika ukumbi mmoja usiku mmoja. Kishindo cha ngoma kinamfikia mnasaji mmoja kabla ya mwenzake, kwa tofauti ndogo isiyosikika kwa sikio. Mtambo unazipima tofauti hizo, unajua kila sauti ilitoka wapi, kisha unazichekecha: ngoma peke yake, tarumbeta peke yake, mwanamke aliyecheka mlangoni peke yake, chupa iliyoanguka peke yake. Halafu unavirudisha vyote mahali pake ndani ya chumba cha duara chenye spika arobaini ukutani. Unaingia, unatembea, uko ukumbini.

Kanda moja haitoshi. Hilo nililijua tangu masomo ya jioni, pale mwalimu wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, aliponiziba sikio moja kwa pamba, akanifunga macho na kudondosha kijiko sakafuni. "Kijiko kiko wapi, Wensislaus?" Darasa zima la wapagazi na mafundi cherehani lilicheka nikipapasa upande usio wake.

Kanda nilikuwa nazo mia tatu na kumi na mbili, zote za bendi za fanki zilizopiga katika mji wetu mpaka majogoo. Niliipa Hifadhi zote miaka miwili iliyopita. Hakuna hata moja niliyoiuza wala kuikata. Kila moja inaanza na sauti yangu ikitaja jina langu, tarehe, ukumbi na bendi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa adabu yetu wanasaji. Kwa kila kanda niliandika maelezo na kuyatilia sahihi: nani alipiga nini, nani alisema nini. Hifadhi ilikuwa imeamua kile chumba cha duara kiitwe kwa jina langu, Chumba cha Wensislaus Kobelo. Kibao kilikuwa tayari kimeegemezwa ukutani, kikingojea misumari.

Kanda ya Dachi ilipatikana mwezi ule, ndani ya sanduku la viatu kwa mjukuu wake. Ilikuwa ya usiku uleule, bendi ileile: Radi Saba, katika ukumbi wa Bwalo la Zamani. Ndiyo sababu Arafa alipanda treni ya alfajiri kutoka Kilosa. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye mikono mizuri, na mpiga gitaa la besi wa Radi Saba, Kondo Sefu, alikuwa baba yake. Hakuwahi kumwona.

"Tuingie," alisema Eliakunda.

*

Mwanzoni ulikuja ukumbi mtupu, viti vikiburutwa. Kisha ngoma, polepole, kama mtu anayejaribu mlango. Kisha besi ya Kondo.

Nimeisikiliza besi ile maisha yangu yote, lakini kwenye kanda yangu ilikuwa mvumo tu, kitu kilichokuwa nyuma ya kikohozi cha watu. Sasa ilikuwa na mahali. Ilisimama mbele yetu kulia, urefu wa kiuno cha mtu, ikaruka, ikangoja, ikaruka tena, na tarumbeta zikaitikia kwa ukali. Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga makofi nje ya mapigo, kama tulivyokuwa tukifanya, wajeuri sisi.

Arafa alitembea moja kwa moja hadi pale besi ilipokuwa. Alisimama, akanyoosha mkono hewani, akauacha pale.

"Alikuwa mfupi," alisema. "Mama alisema mrefu."

"Jukwaa lilikuwa la chini," nilisema. Huo ulikuwa ukweli.

Dakika ya arobaini na nne wimbo ulikatika. Nyayo zilipanda jukwaani haraka, mtu akinong'ona. Kisha sauti ya Kondo, bila kipaza sauti, maana hakuwa mwimbaji na hakupewa: "Jamani! Nisikilizeni. Nimeletewa habari kutoka hospitali—"

Kisha hakuna kitu.

Hakikuwa kimya cha watu kunyamaza. Kimya cha watu kina pumzi. Hiki kilikuwa kama ukuta umeondolewa na nyuma yake hakuna uwanja. Halafu, ghafla, kelele za ukumbi mzima, vigelegele, filimbi, na besi ikaingia kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika tena.

"Rudisha," alisema Arafa.

Eliakunda alirudisha mara tatu. Mara ya nne alitoka kwenda kutazama kioo, akarudi taratibu.

"Bi Arafa, nisamehe. Nilidhani kanda ya Dachi ingeziba pengo la mzee. Lakini nayo imekatika palepale. Waligeuza kaseti pamoja. Mapengo yamelaliana kwa sekunde kumi na sita."

Arafa alinigeukia. "Inawezekanaje? Si wewe uliyenifundisha kwamba mlikuwa mnapishana?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kaseti ya dakika tisini ina arobaini na tano kila upande. Lazima uigeuze, na ukiigeuza unapoteza kitu. Kwa hiyo wanasaji wawili wakikutana ukumbini waliulizana neno moja: "Umeanza?" Aliyeanza akisema ndiyo, mwenzake alingoja dakika kumi ndipo aanze. Hivyo mmoja akiinama kugeuza, mwenzake bado ananasa. Hakuna aliyetufundisha hilo. Tuliligundua wenyewe.

"Usiku ule hatukuulizana," nilisema.

"Kwa nini?"

"Tulikuwa hatusemezani. Dachi alinakili kanda yangu akafuta jina langu mwanzoni, akaweka lake. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Usiku ule tulisimama hatua mbili, kila mtu kauchuna, tukaanza wote kwa wakati mmoja, viti vikiburutwa."

Arafa alitikisa kichwa kama anayesikiliza kesi ya watoto. "Haidhuru," alisema hatimaye. "Maneno yenyewe si tunayajua? Wewe ulikuwepo."

*

Kondo Sefu hakuishi kuliona jua la Jumapili. Gari la bendi lilipinduka alfajiri kwenye barabara ya Dakawa. Siku ya tatu ya msiba nilipeleka kanda nyumbani kwake, nikidhani nawafanyia hisani. Tuliisikiliza tukiwa tumekaa kwenye mikeka. Ilipofika "habari kutoka hospitali" ikakatika, mjane akaniuliza, "Alisema nini?" Na watu wote wakanitazama, kwa sababu waliokuwa mbele ya jukwaa kila mmoja alishasema lake: huyu kasikia utani, huyu kasikia sala. Mimi ndiye niliyekuwa na kanda. Mwenye kanda ndiye aliyeaminiwa.

Nikawaambia. Mtoto akaitwa Arafa. Tangu siku ile familia ile iliniita ndugu wa marehemu, na kila Idi sahani yangu ya pilau ilifika, hata mwaka nilipolazwa.

Alasiri ya siku ileile tuliyoingia chumbani, Eliakunda alituketisha ofisini kwake na kutueleza njia iliyobaki. Chekeche lilikuwa na sauti ya kutosha ya Kondo, kwa sababu alikuwa mropokaji kati ya nyimbo. Kama shahidi aliyekuwepo ukumbini angeapa maneno yaliyosemwa, kanuni za Hifadhi ziliruhusu mtambo uyatamke kwa sauti ya marehemu, mahali pake, kwa pumzi yake, na pengo likazibwa.

"Mtu akisikiliza atajua?" aliuliza Arafa.

"Hatajua. Hata mtambo wenyewe ukiusikilizisha hautajua. Kwenye daftari tutaandika, lakini nani anasoma daftari? Nakala zitaenda mashuleni, redioni, kila mahali."

"Na baba mdogo ndiye shahidi."

"Nani mwingine? Maelezo yake ya kanda tunayo. Nimeyaingiza kwa kujaribu tu. Msikilize."

Alibonyeza. Kutoka kwenye spika ndogo ya mezani Kondo Sefu alisema, kwa mkwaruzo wake uleule, akihema kwa kazi ya kupiga: "Nimepata binti! Ataitwa Arafa. Mkimwona njiani, msalimieni."

Arafa aliweka viganja vyote viwili mdomoni. Machozi yalimtoka bila sauti, na alikuwa anacheka.

Mimi nilishika ukingo wa meza. Ile "mkimwona njiani, msalimieni" nilikuwa nimeisahau. Niliiongeza mwenyewe pale mkekani, ili maneno yasiwe makavu. Kumbe niliiandika pia kwenye maelezo. Sasa maiti alikuwa anaisema, na aliisema vizuri kuliko mimi.

"Alhamisi tunatia sahihi?" aliuliza Eliakunda.

"Alhamisi," alisema Arafa. "Nitakuja na kanga ya mama."

*

Nimekuwa mtu wa kujivunia, na sioni haya kulisema. Nilianza kazi nikifagia karakana na nikastaafu nikiwa fundi mkuu wa redio, kwa vyeti nilivyovipata jioni baada ya saa za kazi. Kila nilichokijua nilikilipia kwa usingizi. Watu wakibishana kuhusu bendi fulani, walisema, "Nendeni kwa Kobelo, Kobelo hasemi asichokijua."

Kwa siku zile tatu kabla ya Alhamisi nilijaribu kujitetea. Nilijiambia kwamba ni maneno matatu ya heri. Nani ameumia? Mjane alikufa ametulia. Arafa amekua, amezaa, ana wajukuu. Nikimwambia, ninamnyang'anya mwanamke wa miaka hamsini na saba kitu pekee alichopewa na baba yake. Na ninampa nini badala yake? Sekunde kumi na sita za hewa.

Hoja ilikuwa nzuri. Nilikaribia kuikubali. Kilichonizuia ni kwamba nilijaribu kuikumbuka sauti halisi ya Kondo, ile ya kwenye kanda, na kila nilipoikumbuka iliendelea yenyewe: "habari kutoka hospitali. Nimepata binti, ataitwa Arafa." Mtambo ulikuwa umeshaishona kumbukumbu yangu. Mimi niliyeubuni uongo nilikuwa nimeanza kuusikia. Baada yangu hatabaki hata mtu mmoja wa kujua mshono uko wapi.

Uongo wangu, nilipousema, ulikuwa wangu. Ulikuwa na mdomo wangu, na siku moja ungezikwa nami. Wakiutia katika koo la Kondo, nani ataufukua?

*

Alhamisi Arafa alikuja na kanga, imekunjwa, rangi imekwisha. Eliakunda aliweka fomu mbele yangu na kalamu juu yake.

"Sikusikia," nilisema.

"Nirudie, mzee wangu? Nilisema sahihi iwekwe chini ya—"

"Wewe nimekusikia. Kondo ndiye sikumsikia. Nilikuwa nimeinama nageuza kaseti. Kifuniko kilikwama. Nilisikia kifuniko tu. Niliponyanyua kichwa watu walikuwa wanapiga kelele."

Eliakunda alichukua kalamu kutoka juu ya fomu, akaishika tu.

"Na Arafa?" aliuliza Arafa. Alilisema jina kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Nililisema mimi."

"Wewe."

"Mimi, mwanangu."

"Miaka hamsini na saba, unakula pilau yetu!" Alisimama. "Mama alikuwa akinipiga, na mkono ukiwa juu anasema, 'Mshukuru baba yako aliyekutaja mbele ya watu.' Nimewahadithia watoto wangu. Nimewahadithia wajukuu. Nimeketi hapa Jumatatu ile mbele ya spika yenu nikalia kama mjinga, na wewe umekaa hapo! Umekaa kimya!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ile siku ya msiba mama yako alikuwa hajakutazama. Siku ya tatu ile. Wewe ulikuwa mapajani kwa bibi yako, unalia njaa, na yeye kageuza uso ukutani. Aliponiuliza, nilidhani nikisema sijui atabaki vile. Nikasema. Akageuka, akasema, 'Mleteni Arafa.' Baada ya hapo sikupata siku iliyofaa ya kusema kweli."

Alichukua kanga yake akatoka. Tulimwona dirishani akienda hadi kwenye benchi karibu na bomba la maji, akaketi mgongo kwetu. Sikumfuata. Aliyekosa hana haki ya kumharakisha aliyekosewa.

Eliakunda alikohoa. "Mzee wangu, lazima nikwambie kanuni. Shahidi akikana maelezo ya kanda moja, tunayasimamisha ya kanda zote. Mia tatu na kumi na mbili. Yatawekwa alama kwamba hayakuthibitishwa. Na kile kibao..."

"Kanuni nilizisoma kabla ya kuja."

"Ningeweza kuandika kwamba umesahau. Umri wako unaruhusu."

"Umri wangu hauna kosa. Andika nilivyosema."

Akaandika. Kila neno lilikuwa kama mtu anayetoa vitu vyangu nje ya nyumba, kimoja kimoja, kwa upole.

Arafa alirudi baada ya karibu saa nzima. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa ya kazini, ya mtu aliyezoea kuuliza maswali wodini.

"Jina ulilitoa wapi? La mchumba wako?"

"Hapana. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni. Arafa binti Mwinchande. Mchana alifundisha watoto, jioni alitufundisha sisi watu wazima, bila kuchoka, na alitupiga rula kama watoto wale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoandika jina langu mara ya kwanza, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Pale mkekani nilitafuta jina bora kuliko yote niliyoyajua. Nikapata hilo."

Aliketi.

"Unajua ni watoto wangapi wa Kilosa wanaitwa Arafa kwa sababu mimi nilikuwa zamu?" alisema. "Mama amechoka, baba hayupo, karani anataka jina. Anamtazama aliye mbele yake. Sikuwahi kudhani nimemdanganya mtu." Kisha akaninyooshea kidole. "Usifurahi. Bado nina hasira. Nitakuwa nayo mpaka Idi, labda na Idi ya pili. Sahani yako utaifuata mwenyewe."

"Nitaifuata."

"Nataka kuingia tena mle chumbani."

Eliakunda aliuliza kama atafute njia nyingine ya kuziba. Pengine mtambo ungeweza kukisia kutokana na kelele za watu.

"Usizibe kitu," alisema Arafa. "Kaka yangu, umewahi kuwa chumba cha kuzalia? Mtoto akitoka, kabla hajalia, pana kimya. Sekunde tano, kumi, wakati mwingine ishirini. Kila mtu mle ndani anakufa kidogo. Mkunga mjinga anapiga kelele kukiziba. Mkunga mzuri anafuta uso wa mtoto, na anahesabu."

Tuliingia. Safari hii hakwenda kwenye besi. Alimwuliza Eliakunda nguzo ya tatu iko wapi, akaenda kusimama kati ya mahali pale pawili ambapo sauti hazikupita, mimi upande huu na Dachi upande ule. Alijifunga kanga ya mama yake kiunoni. Mimi nilibaki karibu na ukuta.

Muziki ulikuja, na dakika zake zote. Nyayo zilipanda jukwaani. "Jamani! Nisikilizeni. Nimeletewa habari kutoka hospitali—"

Arafa aliinua mkono akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti. Moja. Mbili. Nikajikuta nahesabu naye. Nilisikia kalamu ya Eliakunda, kule mlangoni, imeacha kuandika. Tisa. Kumi. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyokijua maisha yangu yote, kwa sababu sikuwahi kukaa ndani yake. Sikuzote nilikuwa nikikimbilia kukijaza. Kumi na nne. Kumi na tano.

Ukumbi mzima ukalipuka, vigelegele kutoka kila upande, na besi ya Kondo Sefu ikaingia.

Arafa alishusha mkono, akapumua.

"Haya," alisema. "Mtoto kalia."